Shajara ya nguzo ya Chamwino: kupima unyevu wa udongo kwa ishara za GPS

22 Septemba

Nguzo imesimama. Ni bomba la chuma la inchi mbili lililozikwa kwenye zege, na antena iko mita 2 juu ya udongo, ndani ya shamba la mtama hapa wilayani Chamwino, mashariki ya jiji la Dodoma. Shamba limeshavunwa, mabua yameliwa na ng'ombe, na udongo mwekundu wa kichanga umekauka kiasi kwamba ukipiga hatua vumbi linakufuata. Hali hiyo ndiyo tuliyoisubiri. Bila kujua udongo mkavu kabisa unaonekanaje kwenye data, mvua ikija hatutakuwa na mahali pa kuanzia kuhesabu.

Kwa atakayeanza kusoma hapa: hakuna kifaa kilichofukiwa ardhini. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu na zinarusha ishara mchana na usiku, mawingu yawepo yasiwepo. Ishara moja inafika kwenye antena moja kwa moja. Nyingine, kutoka setilaiti ileile, inagonga ardhi kwanza ndipo inaruka kuelekea antena. Zikikutana zinaongezeana nguvu au zinapunguziana, kutegemea moja imesafiri zaidi ya mwenzake kwa kiasi gani. Setilaiti inapopanda kutoka upeo wa macho tofauti hiyo inabadilika polepole, kwa hiyo nguvu ya ishara inayoandikwa na kipokezi inapanda na kushuka kwa mpangilio. Kwa antena ya mita 2 na ishara ya L1, mojawapo ya masafa ambayo GPS hurushia, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 19, kati ya pembe ya digrii 5 na 25 tunapata kama mizunguko saba ya kupanda na kushuka.

Maji yanaingia hapo. Kwa mawimbi ya redio, udongo mkavu na maji ni vitu viwili tofauti sana: kigezo cha daielektriki, namba inayoonyesha kitu kinavyoitikia mawimbi hayo, cha udongo mkavu ni kati ya 3 na 5, cha maji ni karibu 80. Udongo ukilowa, ishara inaakisiwa kwa namna nyingine na mizunguko yote saba inasogea kidogo. Mahali mizunguko inapokaa huitwa awamu, na kusogea kwake ndiko tunakokupima.

Wapima ardhi wanaichukia hali hii. Antena zao za bei kubwa zimetengenezwa na sahani za chuma chini yake ili ishara zilizogonga ardhi zisiingie. Sisi sahani tumeivua.

Watoto wa jirani wameshauliza kama kitu hiki kinashika mpira. Mwenyekiti wa kitongoji naye alitaka kuhakikishiwa kwamba si mnara wa simu. Nimewajibu wote kwamba kinasikiliza tu, hakirushi chochote. Watoto hawakufurahi.

24 Septemba

Nimeulizwa na watu kadhaa kwa nini nguzo haiko katikati ya shamba bali imesogezwa kusini, karibu na mpaka. Jibu liko angani.

Njia za setilaiti za GPS zimeinama digrii 55 kutoka ikweta, maana yake hakuna setilaiti inayopita juu ya mahali palipo kaskazini au kusini zaidi ya hapo. Ukisimama Ulaya, unaona shimo moja kubwa upande wa kaskazini ambako hakuna setilaiti inayokatiza. Sisi tuliopo karibu na ikweta tuna mashimo mawili. Kwa latitudo ya hapa, digrii 6 na kidogo kusini, ukitazama kusini kabisa hakuna setilaiti ya GPS chini ya pembe ya karibu digrii 29. Ukitazama kaskazini kabisa hakuna chini ya digrii 15 hivi. Na pembe za chini ndizo zinazotufaa, maana ishara inayokuja kwa kulala ndiyo inayogonga ardhi na kurudi kwenye antena ikiwa bado na nguvu ya kutosha.

Kwa hiyo ardhi iliyo kusini mwa nguzo hatuioni. Mashariki na magharibi tunaona vizuri, kaskazini kiasi. Nguzo ikikaa karibu na mpaka wa kusini, sehemu kipofu inaangukia kwenye njia ya mifugo na si kwenye shamba.

Ukubwa wa eneo tunaloona: setilaiti ikiwa digrii 5, ishara inaakisiwa na kipande kirefu chembamba kinachoanzia kama mita 8 kutoka kwenye nguzo na kufika hadi mita 60. Ikiwa digrii 25, kipande ni kifupi, kati ya mita mbili na nusu na saba. Ukijumlisha njia zote za setilaiti unapata kama mita za mraba 1,000, robo ekari. Kipima unyevu cha kuchomeka ardhini kinakupa udongo wa ukubwa wa kikombe. Setilaiti za kupima unyevu zinakupa mraba wa kilomita 36 kwa 36. Mkulima analima katikati ya hivyo viwili, na huko katikati hakuna kipimo. Hilo ndilo lililotuleta hapa.

3 Oktoba

Umeme: paneli ya sola, betri ya pikipiki, kila kitu ndani ya boksi la plastiki lililozibwa kwa gundi ya silikoni. Kompyuta ni Raspberry Pi. Kipokezi ni cha u-blox kinachosoma L1 na L2, masafa ya pili ya GPS. Hakuna zaidi.

11 Oktoba

Data ya kwanza iliyokamilika imefika na ina sura mbaya, lakini ubaya unaoeleweka.

Kipokezi hiki kinaandika nguvu ya ishara kwa namba kamili tu: 41, 42, 41, 40. Vipokezi vya wapima ardhi huandika na sehemu za desimali. Wimbi tunalolitafuta linapanda na kushuka kwa desibeli chache tu, kwa hiyo ukilichora linaonekana kama ngazi za nyumba. Mwenzangu alipendekeza tukope kipokezi kikubwa. Nilikataa, maana mradi ukihitaji kifaa cha bei ya pikipiki mbili hautavuka shamba hili.

Tumeamua kuandika kila sekunde badala ya kila sekunde 30. Setilaiti inatumia dakika arobaini na kitu kutoka digrii 5 hadi 25, kwa hiyo kila mpito unatupa zaidi ya vipimo 2,400. Kelele ya kawaida ya kipokezi inaifanya namba irukeruke kati ya 41 na 42, na mara inazokaa 41 ukilinganisha na mara inazokaa 42 zinakuambia thamani halisi iko wapi katikati. Kelele kidogo, kumbe, ina faida.

Hatua za hesabu, kwa wanaotaka kujaribu: tunageuza desibeli kuwa kipimo cha kawaida, tunaondoa mkunjo mpana unaotokana na setilaiti kupanda (polinomia ya daraja la pili inatosha), kinachobaki ni wimbi. Tunalichora dhidi ya saini (sine) ya pembe, si dhidi ya muda, kwa sababu kwenye saini mizunguko inakuwa na upana sawa. Mbinu ya Lomb-Scargle, inayotafuta wimbi linajirudia mara ngapi, inatupa kimo cha antena juu ya ardhi inayoakisi. Kisha tunakishikilia kimo hicho kisibadilike, na tunatafuta awamu na ukubwa wa wimbi kwa kila setilaiti, kila siku.

Hatukubuni lolote kati ya haya. Kristine Larson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha matokeo ya kwanza mwaka 2008, wakitumia antena ya GPS iliyokuwa Tashkent, Uzbekistan, iliyowekwa kwa kazi nyingine kabisa. Programu yao, gnssrefl, ni huria na inaandikwa kwa Python. Tumebadilisha sehemu ya kusoma faili tu.

19 Oktoba

Kimo cha antena kimeshuka kutoka mita 2.02 hadi 1.99, kwa setilaiti zote, pande zote, kuanzia asubuhi moja. Udongo haufanyi hivyo. Tulipofika tulikuta manyoya ya ng'ombe kwenye bomba na kikonyo cha antena kimelegea. Ng'ombe alikuwa anajikuna.

Limekuwa somo la namba pia. Antena ikishuka sentimita 1, awamu inasogea kwa kama digrii 9 au 10. Kwa mujibu wa kazi ya Colorado, kila digrii moja ya awamu ni karibu asilimia 1.5 ya unyevu kwa ujazo, katika sentimita 5 za juu. Kichanga hiki kikiwa kikavu kina asilimia 4 hivi, kikilowa vizuri labda 18 au 20. Piga hesabu: safari nzima kutoka vumbi hadi tope ni digrii 10 na ushee. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anaweza kutuletea masika bila wingu.

Tumezungushia boma la miiba, kipenyo cha mita 3, yaani mita moja na nusu kutoka kwenye nguzo. Hiyo ni ndani ya ile mita mbili na nusu ambako eneo tunalolitazama linaanzia, kwa hiyo miiba haituharibii kitu.

2 Novemba

Vipimo vya mkono. Tunatumia pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100, inagongwa ardhini, udongo uliojaa ndani unapimwa, unakaushwa kwenye tanuri nyuzi 105 kwa saa 24, unapimwa tena. Uzuri wa pete ya 100 ni kwamba kila gramu ya maji iliyopotea ni asilimia moja ya unyevu kwa ujazo. Huhitaji kikokotozi.

Udongo wa leo: asilimia 3 hadi 5, kila mahali. Hiyo ndiyo sifuri yetu, au tuseme nne yetu. Hiki kipimo cha chini hatuwezi kukipata kutoka angani hata tungefanyaje. Awamu inaonyesha mabadiliko tu, na mtu lazima aende shambani na pete ili mabadiliko hayo yawe na mahali pa kusimamia.

Jambo dogo la saa. Kila setilaiti ya GPS inarudi kwenye njia ileile baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hiyo kila siku inatangulia dakika 4. Kwa mwezi ni saa mbili. Njia tuliyokuwa tunaipima saa sita mchana mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na mbili itakuwa inapita alfajiri. Ukilinganisha siku na siku huoni kitu. Ukilinganisha miezi, unalinganisha udongo wa jua kali na udongo wa umande. Tumeongeza safu ya saa kwenye jedwali ili asiwepo atakayelisahau hili.

18 Novemba

Mvua. Milimita 14 kwenye kipimamvua cha shambani, usiku mmoja.

Awamu imeruka kwa setilaiti zote za mashariki na magharibi, digrii 6 kwa wastani. Ukizidisha unapata ongezeko la asilimia 9, yaani unyevu wa 13. Pete za asubuhi zimesema 12 hadi 14. Tulikaa kimya tukitazama mchoro, kisha mwenzangu akaenda kutafuta chai.

Sasa hesabu iliyonivutia zaidi. Kama milimita 14 zote zingebaki kwenye sentimita 5 za juu, unyevu ungepanda kwa asilimia 28. Umepanda 9. Kichanga hakishiki maji, kinayapitisha. Ukichukua kwamba udongo wote uliolowa umepanda kwa kiasi hichohicho, maji yameshuka hadi kama sentimita 15. Tulichimba kwa jembe: mstari wa unyevu uko sentimita 14 sehemu moja, 17 sehemu nyingine.

Mama mwenye shamba alikuja tukiwa bado kwenye shimo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnara wako unasemaje, nipande?"

Nikamwambia unyevu umefika asilimia 13. Akainama, akachukua udongo kutoka shimoni, akaufinya, akaufungua mkono.

"Kwamba udongo umelowa, mkono wangu umeshaniambia. Wewe niambie utakaa mpaka lini."

22 Novemba

Ulikaa siku tatu. Tarehe 21 awamu ilikuwa imerudi karibu na ilipokuwa Oktoba, na leo imefika. Jua, upepo wa Dodoma usiopumzika, udongo mtupu usio na hata jani la kuufunika. Jirani wawili walipanda mtama tarehe 19. Mbegu zimeota nusu na miche inanyauka. Mama hakupanda.

Nimelirudia swali lake mara nyingi tangu siku ile, na nadhani limebadilisha mradi. Sisi tulikuwa tunashindana na pete: je, nguzo inaweza kusema 13 pale pete inaposema 13? Inaweza. Lakini asilimia 13 ni jibu la swali ambalo mkono umeshalijibu bure. Kitu ambacho mkono hauwezi ni kukaa shambani usiku na mchana ukipima kasi ya kukauka. Nguzo inaweza, maana setilaiti zinapita saa zote, na kwa siku moja tunapata mipito ya kutosha kuchora mstari wa kushuka badala ya nukta moja.

Na mstari huo una umbo. Siku ya kwanza unashuka haraka: maji yaliyo juu yanavukizwa na jua bila kizuizi. Baadaye unalala, kwa sababu tabaka la juu likishakauka linakuwa kifuniko na maji ya chini yanapanda kwa shida. Mvua kubwa, au mvua mbili zinazofuatana kabla ya mstari kulala, zinabadilisha umbo hilo kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, kwa kanda nzima. Baada ya hapo uamuzi wa siku ya kupanda unabaki kwa mtu mmoja na shamba lake, na mvua za mwanzo za huku zinajulikana kwa kudanganya.

Kuanzia leo kipimo chetu kikuu ni siku ambazo unyevu unabaki juu ya asilimia 8. Kwa nini 8? Kwa sababu chini ya hapo, kwa kichanga hiki, Mama akiufinya udongo haushikamani. Nimeona ni sababu nzuri kuliko nyingine nilizosoma.

6 Desemba

Leo ni zamu ya kulinganisha na wakubwa.

CYGNSS ni kundi la setilaiti nane ndogo za NASA zilizorushwa tarehe 15 Desemba 2016, zikiendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Michigan. Zinafanya tunachofanya sisi, ila kutoka angani: zinapokea ishara za GPS zilizogonga uso wa dunia. Zilitengenezwa kupima upepo ndani ya vimbunga vya baharini, kwa hiyo zinatazama ukanda wa kati ya latitudo 38 kaskazini na 38 kusini tu. Afrika Mashariki yote imo. Mmoja wa wale wanane alipotea mawasiliano mwaka 2022, waliobaki waliendelea na kazi. Baadaye ikaonekana kwamba juu ya nchi kavu ishara hizo zinabeba habari za unyevu wa udongo, na Clara Chew na Eric Small wakachapisha mwaka 2018 jinsi ya kuutoa, wakitumia vipimo vya SMAP kama kielelezo. SMAP nayo ni setilaiti ya NASA, ya kupima unyevu wa udongo. Ilirushwa Januari 2015, na rada yake ilikufa Julai ya mwaka uleule, ikabaki na kipokezi kinachosikiliza tu mawimbi ya redio yanayotoka ardhini kwenyewe.

Data zote ni za bure. Gharama ni bando.

Nilichokiona kwenye mraba unaoangukia Chamwino: mvua ya 18 Novemba ipo, inaonekana wazi, na kukauka kwake kupo. Lakini tarehe 29 Novemba ramani inaonyesha kulowa ambako hapa hakukuwepo, kipimamvua kilikuwa na sifuri. Nikapiga simu kijiji cha jirani. Huko ilinyesha. Mvua za mwanzo za Dodoma zinakata kama kisu, upande huu wa barabara tope na upande wa pili vumbi, na mraba wa kilomita 36 unazijumlisha zote. Ramani haijakosea. Imejibu swali la wilaya.

Tatizo lingine ni maji ya wazi. Maji yaliyotulia yanaakisi GPS kwa nguvu kubwa mno, kiasi kwamba mpito mmoja juu ya bwawa unaweza kuinua mraba mzima. Magharibi yetu kuna Bahi, kusini kuna Mtera, na mipaka ya Bahi hubadilika kila msimu. Ukitumia data hizi huku, anza kwa kufuta miraba inayogusa mabwawa hayo mawili. Usisubiri kushangaa kwa nini Bahi ina unyevu wa kitropiki mwezi wa kumi.

12 Desemba

Mvua mbili ndani ya siku tatu, jumla milimita 41. Mstari haukupata nafasi ya kulala. Mama amepanda tarehe 11, mtama nusu ya shamba na alizeti sehemu iliyobaki.

Upande wa magharibi amelima matuta kukinga maji yasikimbie. Kwa shamba ni jambo jema, kwa sisi ni kitendawili. Uso ukiwa na mabonde na vilima, ishara inatawanyika badala ya kuakisiwa kwa mpangilio. Kanuni ya kale ya Rayleigh inasema uso ni laini ikiwa kupanda na kushuka kwake ni chini ya urefu wa wimbi ukigawanywa kwa mara nane ya saini ya pembe. Kwa L1, pembe ya digrii 5 inavumilia sentimita 27, pembe ya digrii 10 kama 14, na pembe ya 25 chini ya 6. Matuta ya Mama yana sentimita 25. Tungeweza kubakiza pembe za chini kabisa, lakini kati ya digrii 5 na 12 tunabaki na mizunguko miwili na nusu tu, na awamu inayotokana nayo inayumba.

Nimeamua upande wa magharibi usiingie kwenye wastani. Tunaurekodi peke yake. Mvua zikiendelea matuta yatashuka yenyewe, na nataka kuona ni lini wimbi litarudi.

3 Januari

Mtama una urefu wa goti. Ukubwa wa wimbi umeanza kupungua upande wa mashariki.

20 Januari

Hapa ndipo penye ugumu halisi wa mradi, na niliusoma kwenye makala zote kabla ya kuanza, lakini kuusoma ni tofauti na kuuona ukila data yako.

Majani na mashina yana maji. Ishara inayokuja kwa pembe ya digrii 10 inapita kwenye mtama mita nyingi kabla ya kufika ardhini, na mita nyingine nyingi ikirudi. Inapunguzwa nguvu, inacheleweshwa, na sehemu yake inaakisiwa na mimea yenyewe. Awamu inasogea kwa sababu ya mimea, kwa kiasi kinachokaribia au kuzidi kile cha maji ya udongo. Wiki hii pete zinasema asilimia 15. Nguzo, bila marekebisho, inasema 7. Mtu akiangalia mchoro wetu peke yake ataamini kuna ukame katikati ya tope.

Marekebisho yapo. Ukubwa wa wimbi unashuka kadiri mimea inavyoongezeka, kwa hiyo unaweza kuutumia kukadiria mimea imechangia kiasi gani kwenye awamu, kisha ukatoa. Kwa nyasi fupi inafanya kazi vizuri. Kwa mtama unaokaribia kifua, wimbi lenyewe limebaki dogo kiasi kwamba unarekebisha kelele kwa kelele. L2 inatusaidia kidogo, urefu wa wimbi lake ni sentimita 24 na mimea inaisumbua kidogo chini ya L1, ila haitoshi kuokoa msimu.

Mwenzangu anataka tuendelee kurekebisha na kuchapisha namba zote mpaka mavuno, zikiwa na alama ya tahadhari. Naona ni hatari. Alama ya tahadhari haisomwi na mtu, namba inasomwa. Tumebishana jioni nzima. Tumekubaliana hivi: ukubwa wa wimbi ukishuka chini ya nusu ya ule wa Oktoba, safu ya unyevu inaachwa tupu. Data ghafi inabaki kwenye kumbukumbu kwa anayetaka kuhangaika nayo.

Kwa kipimo hicho, upande wa mashariki umefungwa tangu tarehe 14 Januari. Alizeti bado iko wazi kwa siku chache.

Na kwa kweli sijasikitika sana. Kuanzia sasa mtama wenyewe ni kipimo: mizizi imeshuka chini ya sentimita 5 tunazoziona, na majani yakijikunja mchana kila mtu anaona. Wiki ambazo hakuna anayejua kinachoendelea ardhini ni zile za kati ya mvua ya kwanza na mche kushika. Wiki hizo udongo uko mtupu, na hapo nguzo inaona vizuri kuliko wakati mwingine wowote.

16 Februari

Ukame wa katikati ya msimu, kama kawaida ya hapa. Upande wa matuta umenishangaza: matuta yameshuka hadi sentimita 12 hivi, na sehemu ambayo mtama haukuota wimbi limerudi likiwa safi. Kwa pembe za chini ya digrii 11 linasomeka. Rayleigh alikuwa sahihi, hata kwa jembe la mkono.

9 Machi

Kazi ya msimu ujao imeanza kupangwa. Ujumbe wa simu utakaotumwa kwa wakulima utakuwa na mistari mitatu: unyevu wa leo, siku ngapi umekaa juu ya 8 tangu mvua ya mwisho, na kama mstari wa kukauka unashuka au umelala. Hatutaandika "panda" wala "usipande". Mama alishauri pia ujumbe uende jioni, kwa sababu uamuzi wa kwenda shamba unafanywa usiku, si asubuhi.

Nguzo ya pili inakwenda kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Hapo mambo yatakuwa magumu zaidi. Mfinyanzi huo ukilowa unavimba na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, yaani uso wenyewe wa ardhi unapanda na kushuka kwa sentimita kadhaa kwa msimu. Tumeshaona sentimita 1 inafanya nini kwenye awamu. Hatuwezi kushikilia kimo cha antena kama tulivyofanya kwenye kichanga, itabidi kimo na awamu vitafutwe pamoja, na vikitafutwa pamoja kila kimoja kinamharibia mwenzake. Wazo tulilonalo ni kutumia L1 na L2 kwa pamoja, maana kimo ni kilekile kwa zote mbili wakati awamu inatofautiana. Kando yake tutasimamisha chuma kirefu kilichogongwa hadi chini ya tabaka linalovimba, kikiwa na alama za milimita, tukisome kila wiki kwa macho.

Zege la nguzo hiyo litabidi lishuke angalau mita moja na nusu. Fundi amesema tusubiri hadi Juni, sasa hivi shimo litajaa maji kabla hajamaliza kuchimba.